Mama Alipopitishwa Mbele

Juzi nilimpeleka mdogo wangu hospitali, kidole kimechanwa na ndoano. Muuguzi alimpima, akatuambia tusubiri. Mdogo wangu akanuna, maana waliokuja nyuma yetu waliingizwa kabla yetu. Mimi nilishukuru kimoyomoyo.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni, mama alipoanguka akianika dagaa. Baba alikuwa ameshafariki. Jirani alitupakia mimi na mama kwenye bajaji, yeye akabaki nyumbani Ujiji na wadogo zangu. Chumba cha dharura kilinuka dawa ya kupigia deki, na khanga ya mama ilinuka ziwa. Mabenchi yalijaa. Muuguzi alimtazama mama anavyohema, akamfunga utepe mwekundu mkononi, na mara kitanda chake kikasukumwa mbele ya watu wote.

Nilijaa fahari.

"Wanamjua mama yangu," nilimwambia bibi mmoja aliyekaa kando yangu kwenye benchi. "Labda huwa wananunua dagaa wake."

Mzee mmoja akaguna, "Sisi tuko hapa tangu asubuhi!"

"Nyamaza, wewe mzee," bibi akamkemea. "Shukuru umeachwa hapo ulipo."

Sikumwelewa. Leo najua kwamba pale hutangulizwa yule aliye karibu zaidi kufa. Bibi alinifunika kwa upande wa kitenge chake, ingawa joto lilikuwa kali, nami nikamwacha tu.

Baadaye mlango ulifunguliwa. Muuguzi akatazama juu ya kichwa changu, akauliza, "Huyu mama wa utepe mwekundu amekuja na mtu mzima gani?"

Nikasimama.

"Amekuja na mimi."