Mtarakwa, Zulia na Nguzo za Abdi

Siku yangu ya kwanza kazini nilichimba maji ambayo hayakuwepo. Nilitoka Kulamawe, mtoto wa wafugaji, na kwetu ukiona kijani kwenye ukavu unajua maji hayako mbali. Kule mlimani, kwenye kituo cha misitu, nikaona jiwe limefunikwa na majani madogo laini kama sufu. Nikachukua jembe, nikachimba kando yake. Sajini alinikuta shimo limefika magotini.

"Wewe Mborana," akasema, "hiyo ni zulia tu. Inakunywa ukungu. Chini hakuna kitu."

Zulia ndilo jina letu sisi askari wa msitu. Vitabuni huitwa kuvumwani. Lipo kila mahali na hakuna anayelilinda. Jua likiwaka hukauka ukadhani limekufa. Mvua ikirudi, hujamaliza chai limeshakuwa kijani. Mtarakwa si hivyo. Huo ndio mti tuliowekwa kuulinda, maana mchwa hawauli na kila mtu anautaka kwa nguzo. Hukua polepole mno, na una dume na jike. Dume likikatwa, jike hubaki na vijitunda visivyoota.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha ndani zaidi. Ninyi vijana mnaoajiriwa leo mna simu na pikipiki. Mimi nilikuwa na panga, filimbi, na mtarakwa jike mmoja mbele ya mlango. Mke wangu alipomzaa Abdi kule Kulamawe, niliomba likizo. Afisa wa misitu, mtu mpole, alitazama chini.

"Galgalo, ukitoka wiki moja tu, hutapata hiyo miti imesimama. Mtoto atakungoja."

Nilikubali. Upweke wa pale sijawahi kumweleza mtu. Jioni niliusalimia ule mti salaam aleikum, kisha nikajiitikia mwenyewe.

Mtoto hakungoja, alikua. Nilipostaafu na kurudi Kulamawe, mama yake alikuwa ameshafariki, naye Abdi ana duka Garbatulla. Akaninunulia nguzo za ua, zawadi ya kustaafu. Nilizijua kwa harufu kabla hazijashushwa kutoka kwenye lori. Nikamshukuru.

Huwa natawadhia kwenye nguzo moja yenye kivuli. Maji ya udhu, swala baada ya swala, yameotesha zulia pale chini. Sijui lilifikaje huku kwetu.

Idi iliyopita Abdi alishika jembe alikwangue.

"Baba, hii uchafu itaozesha posti."

"Wacha. Hizo posti unajua ni mti gani?"

"Fundi alisema ni seda."

"Huo ndio mti nilikuwa nalinda."

Akazitazama nguzo moja moja mpaka langoni.

"Ni hii?" akauliza. "Miaka yote hiyo, ni hii?"

"Ni hii."

Akaweka jembe chini taratibu. Alasiri gari la Garbatulla likaja, akaondoka. Nikachukua birika, nikaenda kutawadha palepale.