Jani Lililokatwa na Jani Lililong'olewa

Kila asubuhi, kabla hajawafungulia ng'ombe wake wanane, Apolline huchuchumaa malishoni, huchuma jani moja na kuipapasa ncha yake kwa kidole gumba. Majirani zake wa uwanda wa Ruzizi, wakulima wa mihogo na mpunga, humwita daktari wa majani.

Jumatano ile alichuchumaa mbele ya komite nzima ya malisho. Wiki mbili nyuma, Vainqueur, agronome wao, mtaalamu wa kilimo, alikuwa amezungushia fito kipande cha meta moja ya mraba ili mdomo wa ng'ombe usifike. Sasa alikata majani ya ndani, akakata na ya kipande sawa cha nje, akayapima yote kwa mizani. Tofauti, alisema, ndiyo iliyoingia matumboni mwa ng'ombe. Ikizidi nusu, ng'ombe wapande milimani. Na huko milimani Apolline hakuwa na ndugu wala zizi.

"Ndani, gramu mia tisa," alisoma Vainqueur. "Nje, mia mbili."

Révérien, prezida wa komite, alikunja mikono. "Mama Apolline, ng'ombe zako ziko zinafyeka kama moto. Jumamosi uzipandishe."

"Kwanza weye shuka, prezida. Piga magoti uone."

"Magoti yangu ni ya kanisa."

"Hata hapa Mungu iko."

Watu wakacheka, naye Révérien akapiga magoti shingo upande. Apolline akang'oa visiki vya majani, mbali na pale alipokata Vainqueur, akamwekea kiganjani. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Huyazungushia majani ulimi na kuyavuta, ncha ikabaki imechanika kama kamba kuukuu. Ncha hizi zilikuwa laini, zimekatwa mshazari, kama kalamu iliyochongwa.

"Ng'ombe zangu hazijanunua mundu," alisema. "Kobayi zako kule jikoni zinakula nini?"

Mjumbe mmoja akakohoa. Hakuna jiko pale lisilo na kobayi, wale simbilisi wadogo wa kitoweo, wanaolia chini ya meza, na kila jioni wasichana hurudi na matita ya majani kutoka malisho hayohayo. Hakuna aliyewahi kuita huko kuchunga.

Vainqueur alizigusa ncha moja moja. "Prezida, inabidi tupime upya."

"Komite imekwisha kuamua," alisema Révérien akipangusa suruali. "Jumamosi ni Jumamosi."

"Basi ziandike na kobayi zako, zipande pamoja na zangu," alijibu Apolline. "Minye nitazionyesha njia."

Komite ikaondoka na mizani yake. Apolline akaenda kufungua zizi. Jua lilikuwa limeshapanda na ng'ombe walikuwa wakigonga miti kwa pembe. Jolie, binti wa kaka yake aliyekuja kutoka Nyamianda kumtembelea, alimfuata hadi mlangoni mwa zizi.

"Shangazi," aliuliza, "na Jumamosi wakikuja?"

"Watanikuta nachunga."