Kodi ya Ploti Iliyomrudisha Nyanya Yako Lopur

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, nyanya yako alipoanza kujenga uani kwetu Lodwar. Ulikuwa bado unanyonya. Alifika kutoka Lopur na mbuzi waliobaki baada ya kiangazi, akaweka mzigo chini, akasema ejok, salamu ya kwetu, na kabla chai haijachemka alikuwa ameshawatuma shangazi zako wawili wakakate makuti ya mkoma. Hakuomba ruhusa. Angemwomba nani? Kwetu mwanamke hujijengea nyumba, na nyumba huwa yake. Kufikia jioni shangazi zako nao walikuwa na zao, za mviringo, zimeegemea upande wa kivuli wa nyumba yetu ya mawe.

Mimi si mzee. Meno yangu yote yako mdomoni, na nimesoma mpaka kidato cha nne tu. Lakini nikingoja mvi ndiyo nikushauri, hasira hii itakuwa imepoa, na mimi sitaki ipoe.

Siku zile zilikuwa tamu, acha nikuambie. Nikirudi kutoka Kakuma, ninakouza mitumba, nilikuwa nakukuta umelala juu ya ngozi ndani ya nyumba ya nyanya yako, mdomo umejaa maziwa, na makuti mabichi yananukia. Jioni shangazi zako walikuwa wanamcheka baba yako, dereva wa lori, eti anaogopa kukamua mbuzi. Kabla ya hapo tulikuwa tumepanga Kakuma miaka mingi, tukihamishwa kila mwenye nyumba anapotaka. Ndiyo maana niliposhika karatasi za ploti ile nilisema basi, sasa tumetulia.

Hapo ndipo nilipokosea. Aliyetuuzia alituambia anacholipa kaunti kila mwaka, na mimi nikakibeba kichwani kama vile hakitabadilika mpaka nife. Sikuuliza ploti imeandikwa ya matumizi gani. Sikuuliza watakuja kuithamini upya lini. Nilikuwa nachagua rangi ya mlango.

Wakaja. Mthamini alipita nikiwa Kakuma, na baba yako yuko safarini. Akamkuta nyanya yako anakamua.

"Mama, hizi nyumba zote ni za mwenye ploti?"

"Hapana. Hii ni yangu. Ile ni ya binti yangu, na ile ya mdogo wake. Kila mwanamke ana yake. Yule wa Kakuma ana ile ya mawe."

Kila neno lilikuwa la kweli. Jamaa akashukuru, akapewa maziwa, akanywa, akaenda.

Bili ilipokuja niliisoma nikiwa nimesimama langoni. Ploti yetu ilikuwa imetolewa kwenye makazi ikawekwa kwenye biashara: nyumba za kupangisha. Kodi ilikuwa imeruka mpaka nikapiga kelele.

"Amekunywa maziwa yetu, halafu anatuandika hivi?"

Nyanya yako akauliza, "Kupangisha ndiyo nini?"

Na mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikamwambia, "Ni kusema wewe unanilipa ndiyo ukae hapa, Mama."

Kwanza alicheka. Halafu akageuka akanitazama. "Mimi? Nimlipe mke wa mtoto wangu?"

Kesho yake nilikubeba mgongoni nikaenda ofisini. Karani akaanza na Kiingereza chake.

"Niambie kwa Kiswahili," nikamkata. "Biashara gani? Mama mkwe wangu ni mpangaji?"

"Madam, punguza sauti. Mimi sikuja kwako."

"Basi mwite aliyekuja. Maziwa anayajua."

Watu kwenye foleni wakacheka, hata karani akashindwa kujizuia. Akanieleza kwamba kuna muda wa kuweka pingamizi na bado haujaisha. Nikaandika hapo hapo, nikiegemea kaunta yake, wewe ukinivuta nywele. Nilitoka nikiwa na furaha kabisa.

Nilipofika nyumbani nyanya yako na shangazi zako walikuwa wanafunga makuti juu ya punda. Unajua wanawake wa kwetu wanavyojua kuhama. Nyumba zote tatu zilikuwa chini.

"Mama, ngoja! Nimeshapinga. Watakuja kuangalia tena."

"Waje. Lakini hawatanikuta mimi hapa niitwe mpangaji wa mwanangu."

Walipokuja kweli, walikuta alama za mviringo mchangani. Ploti ikarudishwa makazi. Kodi ilibaki juu kidogo kuliko ya aliyetuuzia, kwa sababu Lodwar imekua na ardhi imepanda. Hiyo nalipa bila kununa. Lakini nilisimama peke yangu katikati ya ule ua, nimeshinda, na hakuna mtu wa kumwambia. Tukimfuata Lopur anakubeba, anakuimbia, na nikimwomba arudi anageuza maneno, ananiuliza habari za mbuzi wa majirani.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, na wewe mwingine unayesoma. Ukinunua nyumba, kodi ya aliyekuuzia ni yake, si yako. Nenda mwenyewe uandikishe jina lako, na uulize ploti ni ya matumizi gani na itathaminiwa lini. Ukijenga, ukifungua kiduka, hata watu wako wakija kukaa, jua kuna mtu atakuja kuhesabu. Uwepo siku hiyo, au umwachie maneno anayekaa nyumbani. Bili ikikushangaza, pinga kabla muda haujaisha. Na hasira yako ipeleke ofisini. Usiimwage mbele ya mzee ambaye hakukosa kitu.

Akuj, Mungu wetu, akupe mvua kwa wakati wake na paa ambalo halitakunyima usingizi. Akupe wazee watakaozeekea kwako, wale, washibe, wakusumbue, na wasijione wageni hata siku moja.