Kibao cha Falaki

Taabu ilinianza mwaka 1965, nikiwa na miaka kumi. Baba alifariki kule Kinango, na matanga hayajaondolewa, mbuzi wake walikuwa wamekwisha gawanywa na watu wazima. Mimi nilipata kamba ya kufungia mbuzi. Shule niliiacha darasa la tatu. Anayetafuta Kiswahili cha vyuo humu ataumia bure, maana mimi kusoma nimejifunza kwenye makopo ya oili.

Ufundi niliupata kwenye mashine za kusaga mahindi, kisha kwenye jenereta za hoteli za Diani, nikiwa mtu wa kushika tochi na kupitisha spana. Hakuna aliyenifundisha kwa hiari yake. Niliiba kwa macho. Lakini kila nafasi ya fundi ilipotokea, waliniuliza cheti, nami cheti changu ni mikono hii. Nilifika miaka arobaini na moja nikiwa bado kibarua, naitwa leo, kesho siitwi.

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha nyota ilikuwa mwaka 1996. Kituo kilikuwa kusini ya Msambweni, kwenye njia ya kuteremkia Bodo, katikati ya minazi na mihogo. Mkuu wa Kituo alikuwa mzungu mrefu, Kiswahili chake amekisoma kwa vitabu. Hakuniuliza cheti. Alinipeleka kwenye jenereta iliyokuwa ikitoa moshi mweusi, akasema, "Bwana Fundi, mashine hii ni mgonjwa. Tafadhali itibu."

Nikafungua chujio la hewa. Limeziba vumbi, injini inavuta pumzi kama mtu aliyefunikwa mto usoni. Nikalisafisha, moshi ukakatika.

"Unaweza kuanza lini?" akauliza.

"Si nimekwisha anza?"

Sasa niwaambie kazi ya pale, kwa sababu vijana wengi hudhani mtu wa nyota hukesha na darubini. Sisi tulikuwa na dishi kubwa, upana wake nyumba, lililoelekea mbinguni. Juu huko kulikuwa na chombo, setilaiti, kinachozunguka dunia na kungoja miako ya gama. Mwako wa gama ni mwanga mkali ambao jicho halioni, hutoka mbali kupita nyota zote unazoziona, na huweza kwisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Hewa yetu huuzuia usifike chini, ndiyo maana chombo kikawekwa juu. Kikipita juu yetu, mchana au usiku, dishi hukifuata polepole, nacho humwaga habari zake zote kwenye kompyuta kwa muda mfupi tu. Umeme ukikatika hapo, habari zimekwenda. Kwa hiyo jenereta ilikuwa yangu, na kituo kizima kilikuwa juu ya jenereta.

Kwa mara ya kwanza maishani nililipwa kwa mwezi. Mke wangu Mbeyu alianza kuniita "mwajiriwa," kwa kunitania, lakini alipenda.

Taabu ya pili ililetwa na neno moja.

Mhandisi wetu, kijana wa bara, hodari wa kompyuta, alitumwa Ukunda kuandikisha kibao cha barabarani. Mchora vibao wa Kona ya Musa naye ni mtu wa bara. Wakasimama wawili hao wakijiuliza, kuangalia nyota kwa Kiswahili kunaitwaje? Mteja mmoja aliyekuwa akipita akawaambia, "Falaki." Basi kikaja kibao kizuri, cha bati nzito, KITUO CHA FALAKI, na mchoraji kwa ukarimu wake akaongeza mwezi mwandamo na nyota tatu.

Nilipokiona nilishika kichwa. "Mhandisi, umetuua."

"Kwani nini, Mzee? Si ni spelling poa?"

"Falaki hapa kwetu ni kupiga bao! Ni mtu kukuangalizia nyota yako, akwambie nani amekuroga!"

"Aaah, Mzee, watu wataelewa tu."

Walielewa sana. Wiki haikwisha, langoni palikuwa na msafara. Mama mmoja ameibiwa mbuzi. Bwana harusi anataka kujua kama nyota yake na ya mchumba zinapatana. Dereva wa lori alitoka Lunga Lunga kwa makusudi, anataka aaguliwe ndoto. Nikiwaambia hapa hapapigwi bao, wananikonyeza: "Tunajua, Fundi, mambo haya hayasemwi. Sema tuingilie mlango gani." Makondakta nao wakapata jina la kituo: "Falaki, shukeni! Wa Falaki!"

Tungecheka yakaisha. Lakini mwisho wa mwaka 1997 ikaja mvua ile ambayo kila mtu wa pwani anaikumbuka. Barabara zilikatika, mihogo ikaoza ardhini, vyoo vikabomoka. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakaona dishi. "Wale watu wa falaki wanaivuta mvua. Hamuoni dishi linavyoifuata?"

Shamba lile lilikuwa la Bi Mwanasha, bibi wa Kidigo, mwembamba, mwenye ulimi. Yeye ndiye aliyetukodisha. Asubuhi moja alikuja langoni na mwavuli, miguu imejaa matope, akaniambia bila kuingia ndani:

"Fundi, mwambie mzungu wako ahame. Mwalimu wa madrasa ametukumbusha, anayemwendea mpiga falaki sala yake haikubaliwi siku arobaini. Mimi nimemkodisha! Sala zangu nitazidai kwa nani? Mwezi ukiandama nataka shamba langu."

Kituo kikihama, huko kiendako hakimhitaji fundi wa darasa la tatu. Mimi ningerudi Diani kushika tochi, na umri ule, na watoto wanne shuleni. Mbeyu hakunitania jioni hiyo. Aliniuliza tu, "Mwezi utaandama lini?"

Mkuu wa Kituo aliposikia akasema, "Mwalike, Bwana Fundi. Aone kila kitu. Akiona, akakataa, tutaondoka."

Bi Mwanasha alikubali kwa sharti moja, kwamba nami niwemo ndani. "Yule kijana wa bara sielewi anachosema, na mzungu anasema kama redio."

Akaja baada ya sala ya adhuhuri. Stima ilikuwa imekatika, tunatumia jenereta, na dizeli ya siku zile ilikuwa imeingia maji. Chini ya chujio kuna kikombe cha kioo ambamo maji hutulia na mafuta hukaa juu. Nilikimwaga, nikangoja, nikakimwaga tena, mpaka nikaona mafuta matupu. Ndipo nikanawa mikono nikaingia.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mkuu.

"Marahaba. Umefunzwa vizuri."

Mhandisi naye, kwa kutaka kuchangamsha, "Sasa, Mama!"

"Sasa nini? Nimekuwa shoga yako?"

Akapewa kiti cha ofisini, kile kinachozunguka. Alipokalia kikamgeuza akautazama ukuta. "Fundi! Kinanipeleka wapi hiki?" Nikakishika. Akajifunika leso kwa baridi ya mashine ya kupoza hewa, akasema, haya, nionyesheni falaki yenu.

Chombo kikapita. Dishi likageuka taratibu, kompyuta zikapokea. Kisha Mkuu akamwekea mbele karatasi ya mwako waliopokea siku za nyuma: mstari umelala chini, umelala, ghafla umeruka juu kama mnazi, halafu umelala tena.

"Hiki nini?"

"Mwako, Bibi. Pengine ni nyota kubwa iliyokufa. Bado hatuna hakika."

"Imekufa lini?"

"Zamani sana. Kabla ya watu kuwapo duniani."

"Na habari mmepata juzi?"

"Juzi. Ilikuwa mbali."

Bibi akamtazama kwa jicho la mtu anayenunua samaki. "Na kesho itakufa ipi?"

"Hatujui."

"Mvua hii itakatika lini?"

"Hatujui, Bibi."

"Mbuzi wa Mwanatumu kaibwa na nani?"

Mkuu akageuka kunitazama, hajui Mwanatumu ndiye yule mama aliyekuja langoni. "Hatujui," akasema, na masikio yamekuwa mekundu.

Bi Mwanasha akanigeukia. "Fundi, hawa watu hawajui kitu!"

"Cha kesho hawajui, Bibi. Wallahi hawajui."

"Mimi ujanani nilipelekwa kwa wapiga falaki watatu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia sijui." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Na mkipata habari hii mnafanyaje?"

"Tunawapigia simu wenzetu wenye darubini, nchi nyingine," alisema Mkuu, "wawahi kuuona mwanga uliobaki kabla haujazimika."

Bibi akasema polepole, "Mfu wa mbali. Habari imechelewa njiani. Mnawapigia watu simu wawahi maziko." Akasimama, kiti kikazunguka nyuma yake. "Hii si falaki. Hii ni tanzia. Mbona hamkusema tangu mwanzo? Kupokea tanzia hakuna dhambi."

"Kwa hiyo, Bibi..." nikaanza.

"Kibao kile kiteremsheni leo. Neno lile silitaki shambani kwangu. Mvua ina mwenyewe, nitamwomba yeye. Na wewe mzungu, mtu akikuuliza, mwambie hujui, hivyo hivyo, na masikio mekundu."

Nilimsindikiza langoni, nikarudi nyuma ya jenereta, nikaketi juu ya pipa la dizeli. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Mhandisi alikuja akadhani naumwa. Nikamwambia, "Kamata ngazi, twende tukateremshe uchawi wako."

Kibao kipya kiliandikwa KITUO CHA HABARI ZA NYOTA. Makondakta hawakujali. Hadi leo pale panaitwa Falaki.

Chombo kilichakaa, kituo kikafungwa, wenyewe wakarudi kwao. Safari hiyo sikuogopa, maana nilikuwa na barua ya Mkuu na jina langu Diani nzima. Nilifanya kazi hotelini mpaka mgongo ukasema basi. Bi Mwanasha alifariki nikiwa Kinango. Habari ilinifikia matanga yamekwisha ondolewa. Nilikwenda hivyo hivyo. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimechelewa.

Vijana mafundi huja kuniuliza siri. Nawaambia, injini nyingi nilizozikuta zimekufa ziliuliwa na mtu aliyeona haya kusema sijui.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya mawe, vyumba vinne, Kinango. Ng'ombe sita. Pampu ya maji. Jenereta ndogo, bado inawaka kwa mvuto mmoja. Watoto wanne, wote wana vyeti. Mbeyu. Na kibao cha bati nzito chenye mwezi na nyota tatu, ambacho ndicho mlango wa banda la mbuzi. Mpaka sasa hajaibwa hata mmoja.