Pipa la Mtani Wangu

Mimi si mwepesi wa kusamehe, na sijifanyi. Wapo wanaosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hao hawakuwahi kubeba maji ya mama mwenye nyumba wetu wa Kariakoo.

Nilikuwa darasa la saba. Masika yale mvua ilinyesha mpaka vyoo vya shule yetu vikatitia, na mabwana afya wakaja wakatia kufuli getini. Shule ifungwe hadi vyoo vipya vichimbwe. Mwalimu mkuu hakukubali kukaa bure. Alijua kwamba mtihani wa kumaliza hausubiri vyoo, na alijua pia kwamba kwa wengi wetu uji wa shule ndio uliokuwa chakula mpaka jioni. Basi akatugawa kwa mitaa. Kila mtaa akamtafuta mzazi mmoja wa kamati, akampelekea unga wa njano wa shule na sukari kidogo. Mzazi huyo apike uji asubuhi, na uji ukishanywewa watoto wakae wasikilize vipindi vya shule redioni. Mwalimu wetu wa darasa angepita kila wiki kutuuliza tulichosikia. Ulikuwa mpango mzuri, na mpaka leo sina ugomvi na mwalimu mkuu.

Kwenye mtaa wetu mzazi huyo alikuwa mama mwenye nyumba. Mama yangu na mimi tulipanga kwake chumba cha mwisho, kile kilichopakana na choo. Yeye alikaa vyumba vya mbele, na dirishani kwake kulikuwa na redio kaseti mpya ya spika mbili. Ndizo siku ruhusa ya kuingiza bidhaa imetoka: maduka yaliyokuwa yakiuza rafu tupu yamefurika vitu vya nje, na mwenye redio kama ile alikuwa mtu na nusu. Sisi tulikuwa na redio ya zamani isiyo na betri. Mama alikuwa akiweka sahani juu yake.

Yeye alikuwa Mzaramo, sisi Wanyamwezi. Asiyejua maana yake nimweleze. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kutoka bara, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi. Mtani wako anaweza kukusema mbele za watu, kukupokonya kofia, hata kukucheka msibani, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Ni mila nzuri sana, ikikaa kwa watu wenye haya.

Asubuhi ya kwanza nilitoka uani na kikombe changu na daftari. Sufuria lilikuwa linatokota, wenzangu wa mtaani wameshakaa mkekani. Nikaamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akatabasamu, akanipa ndoo.

"Mtani, kwanza nijazie pipa. Mnyamwezi na mzigo, nani atawatenganisha?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi. Bomba letu lilikuwa kavu, kwa hiyo ilibidi niende mpaka Mchafukoge, kwenye gorofa moja la Wahindi ambako maji ya uani hayakukatika na mlinzi alikuwa na roho nzuri. Pipa lenyewe lilikuwa lile la mafuta ya lori. Nilikwenda na kurudi, nikaenda na kurudi, shingo imezama mabegani. Nilipomimina ndoo ya mwisho sufuria lilikuwa limeshasuguliwa, limefudikizwa, na redioni wanapiga muziki.

"Uji umeisha, mwanangu," akaniambia, kwa upole kabisa. "Na kipindi kimeisha. Kesho uwahi."

Kesho nikawahi. Pipa lilikuwa tupu. Alikuwa amefua, ameosha ukumbi, akawagawia na mashoga zake wa nyumba ya pili, na pipa likanisubiri limeachama. Kesho kutwa vilevile. Ikawa ndiyo kazi yangu. Hakumtuma mtoto mwingine hata mara moja, maana wengine hawakuwa watani zake. Masomo yale niliyajua mianzo tu. "Leo tutajifunza asilimia," redio inasema, na mimi ndiyo natoka mlangoni na ndoo kichwani. Asilimia yenyewe ni nini, waliambiwa waliokaa mkekani.

Na ule uji haukuwa starehe kwangu. Mama alikuwa akiuza wali na maharage karibu na soko, mpaka mgambo wa jiji wakambebea masufuria yake, na kipindi kile alikuwa anawaoshea vyombo wenzake. Jioni alikuja na ukoko ndani ya kitambaa. Tuliula tukiulainisha na maji yaleyale ya Mchafukoge.

Siku moja mama alivumilia akachoka. Akamfuata mama mwenye nyumba barazani, mbele ya majirani.

"Dada, mtoto ana mtihani. Naomba asikilize na wenzake."

"Mtani, umenuna?"

"Sijanuna. Naomba tu."

"Mpagazi asome ili iweje? Au siku hizi mizigo mnabeba kwa kalamu?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mama akacheka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikauona ule uso kwa upande: alicheka kwa meno tu, macho hayakushiriki. Chumbani akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukimjibu tutalala barabarani. Lakini utani una pande mbili, mwanangu. Zamu yetu haijafika tu."

Mwalimu wa darasa alipopita, aliniuliza habari za asilimia. Kabla sijapata la kusema, mama mwenye nyumba akanisemea: "Huyo, mwalimu, anachelewa kuamka. Nimemsema mpaka nimechoka." Mwalimu akatikisa kichwa. "Shule imefungwa, na wewe na kichwa umekifunga?" Nilikuwa nimeloa maji mpaka kiunoni wakati ananiambia hivyo, na hakuuliza kwa nini.

Maji ya pipa niliyabeba, hayo si kitu. Lile neno ndilo lililonikaa. Mtu aninyime uji, aninyime redio, kisha aniite mvivu!

Vyoo vilichimbwa, shule ikafunguliwa, lakini mtihani nao ulikuwa umekaribia. Nilikaa mbele ya karatasi iliyojaa asilimia, na mimi najua zinavyoanza tu. Sikuchaguliwa. Wenzangu wa mkekani wakashona sare za sekondari, mimi nikafunga kanga kiunoni nikaenda kuwasha moto na mama. Nilijifunza kupika. Nilijifunza vizuri, kwa hasira, mpaka ikawa hakuna shughuli kubwa Kariakoo wala Buguruni ambayo sikuitwa kusimamia masufuria.

Miaka ikapita. Tulishahama nyumba ile siku nyingi. Siku moja wakaja kunichukua: kuna msiba Buguruni, Mzaramo mmoja amefariki, wanataka mpishi, na bora awe mtani. Nilipofika uani pale nilimwona mfiwa, dada wa marehemu, amekaa kwenye mkeka na kanga mbili. Alikuwa yeye. Alinenepa kidogo, magoti yalianza kumsumbua, lakini tabasamu lilikuwa lilelile.

Mtu mwingine angesema, mwache, ana msiba. Mimi nilimshukuru Mungu. Ni wapi tena mtani ana nguvu kama msibani?

Nilipika pilau ambayo harufu yake iliwatia watu njaa wasiyokuwa nayo. Waliporudi kutoka kuzika, nikavuta kigoda nikakaa mbele ya sufuria, upawa mkononi, nikapakua. Naye akaja na sahani yake, mfiwa hapangi foleni. Nikaweka upawa chini. Nikachukua ndoo iliyokuwa kando ya pipa tupu la maji, nikampa.

"Mtani, kwanza nijazie pipa."

Uani pale pakalipuka kicheko. Na yeye alicheka, akidhani ni masihara ya kawaida, nitampokonya sahani kidogo kisha yaishe. Sikuichukua ndoo mkononi mwake.

"Jamani, mie mfiwa!" akasema.

"Mtani, umenuna?"

Wazee wa ukoo wake wenyewe ndio waliomaliza shauri. "Mila ni mila, bibie," mmoja akasema, mdomo umejaa nyama. "Beba." Binti mmoja aliinuka kumsaidia, wakamkalisha: mtani hasaidiwi.

Basi akabeba. Bomba lilikuwa nyumba ya pili tu, si Mchafukoge. Mimi sina roho mbaya kiasi hicho. Kila alipomimina nilimpisha, nikaendelea kuwapakulia wengine, nikiwaongezea nyama. Sikumwangalia usoni. Niliangalia kanga yake ikilowa, kwanza pindo, kisha magotini, kisha mpaka kiunoni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Moyo wangu ulikuwa unaburudika, na siombi radhi.

Pipa likajaa. Akaja, anahema, sahani mkononi. Sufuria lilikuwa wazi mbele yetu, pilau bado nusu nzima, mvuke unapanda.

"Chakula kimeisha, mwanangu," nikamwambia, kwa upole kabisa. "Kesho uwahi."

Watu walivunjika mbavu. Mzee mmoja alijipiga mapaja, akasema hajaona utani mtamu kama ule tangu azaliwe. Yeye aliangalia sufuria, akaniangalia mimi, akaniangalia tena, na nikaona anavyonitambua, taratibu, mpaka mwisho. Watu wote walikuwa wakimtazama. Akacheka. Alicheka kwa meno tu, macho hayakushiriki, na kicheko kile nilikijua, maana nilikiona usoni kwa mama yangu.

Nikafunika sufuria.