Kuvu Ndani ya Unga wa Mafuriko

Nilimwaga sufuria nzima ya uji kwenye kizingiti cha ghala la Garsen, mbele ya karani na foleni ya wanawake. Ulikuwa uji wa mwanangu. Ulitapakaa, wa kijivu, ukinuka kama tambara lililosahauliwa ndooni.

"Wewe mama, una wazimu?" Karani akaruka nyuma.

"Umetupimia wewe. Onja wewe!"

Mto Tana ulikuwa umefurika, ukabeba mahindi yetu yote, tukawa tunagawiwa unga wa serikali kutoka ghala lile. Ulikuwa mchungu tangu siku ya kwanza. Mama mkwe akanielekeza: chekecha, anika juani, chemsha sana. Nikachekecha. Nyuzinyuzi zikabaki kwenye chekeche kama manyoya ya paka, nikazitupa, nikajiona mama hodari. Siku tatu mtoto alitapika, tumbo limewambwa kama ngoma, macho yameingia ndani.

Na mimi nimesoma! Ndilo linaloniuma hata leo. Shuleni mwalimu alifunika mkate uliolowa chini ya bakuli, tukautazama kila asubuhi: kwanza doa jeupe, kisha manyoya, kisha vichwa vidogo vya kijani vinavyomwaga vumbi. Vumbi hilo ndilo mbegu, alisema, na nyuzi zenyewe zimezama ndani kabisa. Kuvu haina mdomo. Hutema maji yake juu ya chakula, kikilainika hukinyonya. Basi nilichomlisha mwanangu kilikuwa kimekwisha kutemewa mate. Chekeche ilisafisha macho yangu tu.

"Hata sisi tunakula," karani akasema. "Tumekufa?"

"Muongo huyo!" mwanamke mmoja akadakia kwenye foleni. "Kwake hupikwa wali. Muulizeni mkewe!" Wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilimpita nikaingia. Magunia ya mahindi yalikuwa yamelazwa kwenye udongo mtupu, ule ule uliolowa mafuriko, yamefunikwa turubai mpaka yakatoka jasho. Kwetu mahindi hukaa darini, juu ya moshi wa jiko. Hata mtoto hawezi kuyalaza chini. Nikavuta gunia la chini. Likachanika, likatoka bonge moja la kijani na jeusi, lina joto kama kinyesi kibichi.

"Ndiyo haya unayosaga?"

"Nikiwapa punje mtazikataa," akajibu, bila aibu.

Nikachota bonge, nikalifungia koponi, nikaenda nalo kwa Bwana DO, mkuu wa tarafa yetu. Nikaandika kwa mkono wangu:

"Bwana DO, nalalamika rasmi juu ya ghala la chakula la Garsen. Mahindi yamelazwa chini, yameota kuvu, na karani anayasaga ili tusione. Mwanangu bado anatapika. Naomba unga huo uzuiwe leo na uchomwe, na magunia mapya yapangwe juu ya magogo. Sehemu ya mahindi hayo imo katika kopo hili. Tafadhali ulifungue mwenyewe, usimpe karani."