Kofia ya Bwana Ustawi

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile ya hamsini, Karani Mkuu hakuniuliza jina. Aliuliza, "Kabila gani?" Nikamjibu, Mchaga. "Basi usitufungulie duka humu," akasema, akanionyesha kiti. Ofisi yetu ilikuwa upande wa Mnazi Mmoja. Dirishani niliiona Kariakoo ikipumua: moshi wa mihogo ya kuchoma, vumbi la mikokoteni, adhana ikipita juu ya mabati.

Ninyi mnaosomea kazi hii vyuoni mna vyeo virefu. Mimi nilikuwa msaidizi wa ustawi tu: niliingia majumbani, nikaona nani kaishiwa, nikarudi kumweleza Bwana Ustawi, Mzungu aliyesimamia misaada ya mji. Akikubali, mtu alipata posho ya unga, maharage na mafuta kila wiki. Akikataa, mtu alihesabiwa mzururaji, akapakiwa kwenye lori la kumrudisha kwao. Na bwana huyo alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko chai yake: mwombaji aje mwenyewe, asimame mbele ya meza, aonekane.

Mwaka wangu wa pili akafa seremala mmoja Mzaramo, nyuma ya soko. Alimwacha mkewe, Bi. Mwanahawa, na watoto wawili katika chumba cha kupanga. Nilimkuta nyuma ya pazia, kavaa nyeupe, yumo edani. Mimi Mlutheri wa mlimani, lakini hata mimi nilijua kwamba mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na hatoki hovyo nyumba aliyofiwa.

"Dada Ndeshi," akaniambia, "nikienda kusimama mbele ya mwanamume ofisini, wakwe zangu watasema nilikuwa nangoja afe. Nisipokwenda, wanangu walale njaa. Na hilo lori likinipeleka Kisarawe, eda nikaikalie kwa nani?"

Nilimweleza Bwana Ustawi kwamba nimemwona kwa macho yangu.

"Umemwona wewe," akasema. "Sheria inataka nimwone mimi."

"Basi twende, bwana."

"Ofisi haimwendei mtu. Mtu huja ofisini. Asipokuja kufikia Ijumaa, lori."

Nilirudia maneno yaleyale mpaka ulimi ukaota sugu. Ni kama kuupigia hodi mbuyu.

Alhamisi mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliingia Mzee Kasanda, mchukuzi wa magunia sokoni, Mnyamwezi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Msibani mtani ndiye hupika, ndiye huwadhihaki wafiwa mpaka wacheke, na akishika kitu cha wenye msiba, hakirudi mpaka kikombolewe. Kasanda akaitungua kofia ya Bwana Ustawi ukutani, akaivaa.

"Nini hii?"

"Msiba, bwana. Marehemu mtani wangu. Mvivu yule, hata kufa kafa asubuhi ili akwepe kazi ya mchana! Sasa mjane wake hana unga, nauliza kulikoni, naambiwa umemshika wewe. Basi na wewe mfiwa. Kofia nimeishika. Njoo uikomboe msibani."

"Nitaita polisi!"

Karani Mkuu, Mzaramo, akakohoa. "Bwana, askari wa zamu ni Msukuma. Naye ni mtani wetu Wazaramo. Atachukua viatu."

Hivyo ndivyo ofisi ilivyomwendea mtu. Bwana Ustawi aliikata Kariakoo kichwa wazi, jua la mchana likimchoma upara, wauza vitumbua wakipiga vigelegele. Akakaa mkekani, nje ya pazia.

"Karibu, bwana," sauti ya Bi. Mwanahawa ikasema. "Uniwie radhi, sikuweza kusimama mezani kwako."

Kisha tukasikia mtoto akinong'ona, "Mama, mgeni kaleta chakula?"

Bwana Ustawi akainamisha kichwa. Kasanda akamrudishia kofia. "Chukua, inanibana. Kichwa chako kidogo."

Ijumaa posho ilifika mlangoni, na lori halikuja. Nilidhani tumeshinda.

Jumatatu nikakuta tangazo ukutani: wajane wa Kizaramo watapelekewa posho nyumbani. Wa Kizaramo! Ng'ambo ya mtaa uleule kulikuwa na Bi. Zuhura, Mmwera wa kusini, mjane mpya, naye edani. Nikapeleka habari zake.

"Mmwera," akasema Bwana Ustawi, kidole kwenye tangazo. "Hii ni desturi ya Wazaramo."

"Bwana, eda ni ya dini, si ya kabila!"

"Bibi Ndeshi, si ninyi mlionifundisha kwamba kila kabila lina yake?"

Nilikimbia sokoni kwa Kasanda. Akatua gunia, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Wamwera si watani wangu, dada. Kofia nikiishika kwa ajili yao, huo wizi."

Sasa nimestaafu, nakaa Magomeni, na vijana wa ofisini bado hunijia. "Shikamoo bibi, tuambie kabila fulani linahitaji nini." Marahaba, nawaambia, mlangoni kwa mhitaji mmefika? Huguna, wakaandika.

Lori halikumfikia Bi. Zuhura, wala hakupata posho yetu, lakini njaa haikumtoa edani. Kila Ijumaa, nikishaukabidhi unga kwa Bi. Mwanahawa, nilikaa kibarazani kumsubiri binti yake apite na bakuli, kalifunika kwa upande wa kanga. Alivuka barabara akiangalia huku na huku, akabisha hodi kwa Mmwera. Nami niligeuza uso upande wa pili, nisije nikaulizwa ofisini.